Bolti Zisizo na Namba

Siku Baba Mdogo alipokubali kwamba mgongo umemshinda, Mama Nati aliinamisha uso kwenye beseni la dizeli ili watu wasimwone akicheka. Si kwamba ni mwanamke wa kufurahia maumivu ya wenzake, la hasha. Ila mzee huyu alikuwa amelikalia lile gari kubwa la milimani kama kuku aliyeatamia: injini gusa, gia gusa, lakini magurudumu ya mbele ni yake peke yake, na ole wake fundi atakayepeleka spana huko. Sasa hata kamba za viatu alikuwa anafungiwa. Akaja akiburuta miguu, mkono kiunoni, akasimama kwenye kivuli cha bati na kutoa amri kwa sauti ya mtu anayetolewa jino. Habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu, zifunguliwe leo, beringi zioshwe, zikazwe upya. Kesho asubuhi gari linawapandisha wapima madini mlimani, na dereva ni Msafi.

"Sawa, Baba Mdogo," Mama Nati akasema. Sauti yake ilikuwa tamu mpaka ikamtia kichefuchefu mwenyewe.

Huyo Nati, tuelewane mapema, si mtoto. Mama huyu hakuwahi kuzaa. Madereva walimpa jina hilo kwa sababu hafungi nati mpaka aigeuzegeuze, aipulize, aikague nyuzi zake, kama mzazi anayemkagua mtoto masikio kabla ya shule. Walimtania mpaka utani ukawa jina, naye hakujali, maana gari alilofunga yeye lilikuwa halirudi na malalamiko.

Na Baba Mdogo ni baba mdogo kweli, mdogo wa baba yake, tumbo moja. Ndiye aliyemchukua yeye na mdogo wake wa kiume walipobaki yatima. Akawalisha, akawavisha, akawafundisha kazi, dada akampa spana na mdogo mtu akampa usukani. Mtaa mzima ulimsifu kwa hilo, na yeye hakuacha kuukumbusha. Huwezi kumaliza kikombe kimoja cha chai na mzee yule bila kusikia jinsi alivyowalea watoto wa marehemu kaka yake. Msafi ndiye wa kumzaa mwenyewe, wa pekee, dereva naye, mtu wa mashati meupe anayeweza kupita tope lote la mlimani na kurudi kola ikiwa bado inang'aa.

Kabla ya gari hili kulikuwa na jingine, na dereva wake alikuwa mdogo wake Mama Nati. Siku hiyo lilikuwa linashuka na mizigo, yeye kwenye usukani, pembeni utingo wake, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mtu mzima aliyekuwa anaimba hata kwenye kona mbaya. Kwenye mteremko gurudumu la mbele la kushoto likachomoka. Wakaliona linatangulia, linadunda barabarani mbele yao, halafu gari likalala na kubiringika. Dereva alitoka na mkono uliovunjika. Utingo hakutoka.

Vumbi lilikuwa halijatua vizuri Baba Mdogo alipofika na kutoa neno lake. Nati za tairi zililegea, alisema, na kazi ya kukagua nati ni ya dereva. Na hapo ndipo penye ubaya wote, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba asubuhi ile dereva hakuzikagua. Kila siku alizipitia zote kwa spana kabla ya kuwasha, huo ndio utaratibu wa barabara za kule juu, hauna mjadala. Siku ile wenye mizigo waligombana, yeye akaingia kuamulia, wakachelewa, akawasha akaondoka. Mara moja tu katika miaka yote ya usukani. Basi alipoambiwa ameua, hakujitetea. Aliitikia kwa kichwa.

Tangu hapo hajashika usukani. Baba Mdogo, kwa huruma zake, alimwacha uwanjani aoshe vipuri, na huruma hiyo nayo akaizungusha mtaani. Mikono ilimchubuka kwa dizeli, na maneno yakamwisha mdomoni. Zamani walimwita Dereva. Siku hizi hakuna aliyethubutu, na jina jingine hawakumpa, wakawa wanamwita "wewe". Kila wiki alikuwa anakwenda kumchotea maji mama wa yule utingo marehemu. Anasalimu, anajaza mapipa, anaondoka. Yule mama hakumwitikia salamu hata siku moja, naye hakuacha kusalimu.

Mama Nati naye aliamini. Dada mtu mzima, fundi, aliamini kama wengine! Aliamini mpaka walipohamisha rundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana ili ujengwe ukuta. Chini kabisa, chini ya mabodi na makopo yaliyooza, akalikuta gurudumu lililopinda, habu yake ikiwa bado imo ndani. Alilijua mara moja, maana rangi ya rimu ile alipaka mwenyewe. Akachukua spana ya gurudumu akajaribu nati ya kwanza. Haikutikisika. Akajaribu ya pili, ya tatu, akazimaliza zote. Zilikuwa zimekaza vilevile kama siku zilipofungwa.

Akaligeuza. Kwa ndani shina lilikuwa limeng'oka zima zima, shina maana yake kile chuma kinachobeba habu, beringi na tairi, ambacho kitako chake hufungwa kwenye ekseli kwa bolti. Gurudumu halikutoka kwenye nati zake. Lilikwenda na shina lake. Vichwa vitatu vya bolti vilikuwa bado vimeng'ang'ania kwa kutu. Akakisugua kimoja kwa brashi ya waya, akakipangusa kwa kidole gumba, akakisugua tena kwa sababu macho yalikataa. Kichwa kilikuwa kitupu, hakina namba wala alama.

Bolti ya kubeba gurudumu huwa na namba kichwani, na namba hiyo inakuambia chuma chake kimepikwa kikaiva. Ukiikaza inanyooka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, kisha inataka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakovibana vyuma viwili visiachane. Isiyo na namba nayo hunyooka, lakini hairudi. Italegea leo, itatikisika kesho, na siku moja kwenye mteremko itakatika. Hizo ni bolti za geti, za kitanda, za banda la kuku. Katika karakana ile zilijaa kwenye ndoo moja kuukuu ya rangi, za kila urefu zimechanganyika, na kila fundi alijua kwamba ndoo ile si ya magari. Na magurudumu ya mbele, kama nilivyosema, yalikuwa yanafungwa na mtu mmoja tu.

Sasa utauliza kwa nini hakupiga kelele palepale. Alitaka, na mdomo aliufungua. Halafu akamwona mzee anakuja na kikombe chake mkononi, anatabasamu, anamuuliza kama amechoka, na papo hapo akajua mambo yatakavyokwenda. Mzee angesema chuma hicho si chetu. Angesema bolti umezitia mwenyewe. Angelia, maana machozi yake yako karibu sana na macho, na mtaa mzima ungekuja kumuuliza Mama Nati anamlipaje hivyo mtu aliyemlea. Na kulikuwa na jambo jingine, tuliseme wazi. Alitaka imuume. Kumshtaki tu hakukutosha. Alitaka mzee aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, madereva wote wakiwa wamesimama, kisha abaki hana pa kuuweka uso wake. Basi akaliburuta lile gurudumu mpaka nyuma ya pipa la oili chafu, akalifunika gunia, akanawa mikono, akasubiri nafasi. Chuki yake ikakaa humo ndani ikanenepa mpaka ikapata mashavu.

Ndiyo maana siku hii ya mgongo alicheka kwenye beseni.

Akapandisha gari kwa jeki, akaliweka kwenye stendi, akafungua upande wa kushoto kisha wa kulia. Beringi akampa mdogo wake azioshe. Alizileta safi kabisa, kila kigurudumu chake kinang'aa, akaziweka kwenye kitambaa bila neno akarudi kwenye kona yake. Mama Nati alikuwa anazijaza grisi kiganjani, anaisukuma mpaka itokeze upande wa pili, aliposikia anaitwa. Baba Mdogo alikuwa ametoka ofisini na pakiti ndogo ya karatasi iliyolowa mafuta. Akaiweka mkononi mwake, akamkunja vidole juu yake kama mtu anayempa mtoto nauli.

"Bolti za mashina zibadilishe zote," akasema kwa sauti ya chini. "Weka hizi, ndizo zenyewe. Anayeendesha ni Msafi."

Akaondoka na kiuno chake. Mama Nati akaifunua pakiti, akatazama. Bolti mpya, na kila kichwa kina namba.

Mpaka dakika ile, pembeni kabisa mwa moyo wake kulikuwa kumebaki kaneno kadogo kwamba labda mzee hakujua. Labda siku ile alikuwa na haraka, akachovya mkono kwenye ndoo, akafunga bila kutazama. Ni upuuzi, lakini upuuzi si uuaji. Kaneno hako kakafa palepale na pakiti mkononi. Alijua! Alijua bolti ya kumfungia mwanawe na bolti ya kumfungia mtoto wa kaka yake. Na siku ile gurudumu lilipochomoka alijua pia, akamtazama kijana wa watu na mkono uliovunjika, akamwambia umeua. Damu ilimpanda Mama Nati mpaka masikio yakaziba. Kama mzee angekuwa bado amesimama pale, spana ingefanya kazi ambayo haikutengenezewa.

Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya rangi. Akachambua, akapata za urefu unaofaa, zisizo na namba hata moja, akarudi nazo, akatoa za zamani, akaingiza ya kwanza. Iliingia laini, haikubisha. Akaishika ya pili. Hapo ndipo Msafi alipopita kuweka begi lake la safari ndani ya gari, akaamkia, "Shikamoo dada," akauliza kama amekula, akasema kama bado amletee kitu. Shati lake lilikuwa jeupe kama kawaida. Mama Nati akamwambia amekula. Msafi alipoondoka, akachomoa ile bolti na kuzirudisha zote kwenye ndoo, huku akijitukana kimoyomoyo, maana Msafi hana kosa zaidi ya kuzaliwa na yule.

Lakini pakiti ya mzee hakuigusa tena. Aliifunga vizuri akaitia kwenye mfuko wa ovaroli. Akafungua kopo lake mwenyewe la biskuti, ambamo alikuwa anaweka bolti alizozichagua moja moja kwa ajili ya kazi za mlimani, zenye namba ileile. Akapima urefu kwa kijiti kwenye kila tundu, kwa sababu bolti ndefu kupita kiasi hugota mwisho wa tundu, na spana ikakuambia imekaza kumbe imekaza hewa. Akazifunga kwa kupishana, kulia, kushoto, juu, chini, akamalizia na spana ya kipimo mpaka ikalia kidogo mkononi. Mashina yale sasa yangeweza kubeba nyumba.

Zikabaki beringi. Na hapa Baba Mdogo hakuweza kujizuia. Aliletewa tairi kuukuu akaketi kutazama. Yeye njia yake ni moja tangu ujana, kaza mpaka ikatae, rudisha nusu mzunguko, twende. Mama Nati anakaza nati ya ndani huku anaizungusha habu ili beringi zikae kwenye vikombe vyake, anailegeza, anaikaza tena kidogo kidogo. Kisha ananing'iniza mizani ya ndoano kwenye skrubu moja ya gurudumu na kuivuta taratibu, macho kwenye mshale, asome nguvu inayohitajika kuianzisha habu kuzunguka. Ikianza mapema, imelegea na gurudumu litacheza. Ikichelewa, imebanwa na beringi itaungua njiani. Akipata anachokitaka anatia washa ya kufungia na nati ya juu, halafu anapima upya, maana nati ya juu nayo husukuma.

Mzee akauliza kwa sauti kubwa samaki wa leo ana kilo ngapi. Madereva wakaangua kicheko. Mama Nati naye akacheka, akacheka kuliko wote, mpaka mdogo wake akainua kichwa kwenye beseni kumshangaa. Alikuwa hajamsikia dada yake akicheka hivyo siku nyingi. Akamuuliza kwa macho kuna nini. Dada akamwambia afanye kazi yake.

Usiku hakulala, alikuwa anapanga maneno. Alijua anacheza na moto. Gari lile lilikuwa zima kuliko gari lolote mjini. Yeye angesema uongo mbele za watu, kwamba amelifunga kwa bolti za ndoo, na kama mzee angekaa kimya, Msafi angepanda mlima na kushuka salama. Basi ingekuwa kwisha habari. Baba Mdogo angesema mnaona, bolti za ndoo zimekwenda zikarudi, na mdogo wake angebaki muuaji mpaka siku ya kuzikwa kwake. Kila kitu kilitegemea kama mzee yule anampenda mwanawe kuliko jina lake.

Asubuhi uwanja ulijaa. Madereva walikuwa na chai zao, wapima madini wanne wanapanga masanduku nyuma ya gari, Msafi yuko kwenye usukani, injini inanguruma. Baba Mdogo alisimama mbele akipokea salamu na kuwahakikishia wageni kwamba gari lao limefungwa na mikono ya nyumbani. Mama Nati akatembea mpaka kwenye boneti. Akaitoa pakiti mfukoni akaiweka pale, karatasi yake haijachanika.

"Baba Mdogo, bolti zako hizi hapa," akasema. "Sikuzitumia."

Mzee alitazama pakiti kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Akauliza amefungia nini basi.

"Zile za kwenye ndoo. Kama ulizomfungia mdogo wangu." Alisema kwa sauti ya kila siku, lakini madereva walikuwa wameshaacha kunywa. "Si ulisema gari lile halikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa dereva? Basi hizi nazo hazina tatizo. Msafi anazikagua nati zake kila asubuhi."

Baba Mdogo akacheka. Akawageukia watu, akasema binti yake huyu ana utani, tangu mdogo ana utani. Watu hawakucheka. Akasema mambo ya marehemu yalikwisha, nati zililegea, kila mtu anajua. Mama Nati akasema ni kweli, kila mtu anajua. Akaenda dirishani kwa Msafi, akamwambia wageni wanachelewa, aondoke.

Msafi alimtazama baba yake. Baba yake akatazama chini. Jasho lilikuwa limemtoka mzee mpaka kola imelowa. Wapima madini, ambao hawakuelewa kitu, wakapanda wakafunga milango. Msafi akasubiri kidogo tena, halafu kama mtoto mtiifu akaingiza gia. Gari likaanza kusogea.

Mzee yule alikuwa ananyamaza! Tairi za mbele zikampita Mama Nati, zikapita pipa la oili, zikakaribia geti, na Baba Mdogo amesimama vilevile. Mama Nati akasema moyoni, nimekwisha, nimemzika ndugu yangu mara ya pili kwa mikono yangu. Tairi za mbele zikakanyaga lami nje ya geti.

Ndipo mzee alipokimbia. Mtu ambaye jana alifungiwa viatu alikimbia na mgongo wake uliopinda, akakamata mlango wa gari linalokwenda, akaupiga kwa viganja vyote viwili.

"Shuka!" alilia. "Shuka, mwanangu, zitakatika! Zitakatika kama zile!"

Gari likasimama. Mzee akakaa chini palepale getini, mkono mmoja bado umeshika kishikio cha mlango. Msafi akashuka upande wa pili, akazunguka, akamsimamia.

"Kama zipi, baba?"

Msafi akamuuliza tena, polepole, kama alijua. Mzee akaficha uso kwenye mikono, na safari hii machozi yake hayakumwita mtu. Dereva mmoja mzee, ambaye ndiye aliyesaidia kubeba maiti ya utingo siku ile, alimwaga chai yake chini na kuondoka. Mwingine akatupa funguo za gari lake kwenye mchanga, karibu na goti la Baba Mdogo. Wapima madini wakaanza kushusha masanduku yao.

Na Mama Nati, acha niseme ukweli, alifurahi. Furaha ilimpanda tumboni ikawa tamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja. Aliutazama mgongo ule uliokunjika, akautazama vizuri auone wote, asibakize. Kisha akawaambia watu kwa sauti kubwa kwamba gari la Msafi ni zima, bolti zake zina namba, anayebisha alete spana afungue. Akaenda nyuma ya pipa, akalivuta gunia, akaliburuta lile gurudumu lililopinda mpaka katikati ya uwanja, akaliangusha.

Mdogo wake alikuja akipangusa mikono kwenye suruali. Akachuchumaa. Akashika nati ya kwanza, ya pili, akazipitia zote kwa vidole, kisha akaingiza mkono kwa ndani akapapasa vile vichwa vitupu vya bolti.

"Zimekaza," akasema.

"Zimekaza," dada akamjibu. "Hukuua mtu, mdogo wangu. Huna damu ya mtu."

Akasubiri. Wakati huu aliuota kuliko ule wa getini: jinsi atakavyolia, jinsi atakavyomkumbatia, jinsi watakavyotoka pale wote wawili vichwa juu. Mdogo wake alisimama. Hakulia. Alilitazama gunia, vumbi limeganda juu yake kama ngozi. Akatazama nyuma ya pipa, pale chini palipobaki duara la udongo mweusi.

"Ulilitoa wapi?"

"Kwenye vyuma chakavu. Tulipohamisha, tukijenga ukuta."

Akageuka kuutazama ukuta. Rangi yake ilikuwa imeanza kubambuka, na mvua zimeuchora michirizi kutoka juu mpaka chini.

"Ukuta huu?" akasema. "Mama yake alikuwa bado hai."

Jambo hilo Mama Nati hakupenda kulifikiria. Mama wa marehemu alifariki ukuta ukiwa umeshakauka zamani, baada ya kuugua sana, na siku ya maziko jamaa zake walimzuia mchota maji wao getini, wakamwambia muuaji haingii hapa. Alisimama nje juani mpaka wakamaliza. Siku ile gurudumu lilikuwa chini ya gunia. Mama Nati alimwongezea Baba Mdogo kosa hilo juu ya mengine, akalala.

"Nilitaka aseme mwenyewe," akasema. "Wasingeniamini. Nilitaka aseme mbele ya watu."

"Mimi ningekuamini."

"Mdogo wangu—"

"Niliporudi siku ile ya maziko uliniosha miguu," akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ukanikorogea chai. Ukaniambia nijikaze."

Akavua ile aproni ya dizeli, akaikunja, akaiweka juu ya gurudumu. Akatembea kuelekea getini. Msafi alimpisha. Akampita Baba Mdogo aliyekaa chini bila kumtazama, kama ambavyo hakumtazama dada yake alipompita, akatoka nje akafuata barabara. Mama Nati akamkimbilia mpaka getini, akamwita mara mbili. Hakugeuka. Akabaki amesimama hapo, pembeni ya Baba Mdogo, na madereva waliobaki uwanjani wakiwatazama wote wawili.